Boti Isiyoonja Maji

Lorraine Aloo hakuwa mtu wa kurusha vitu, lakini siku ile alirusha simu ya mwenzake juu ya magunia ya mahindi, kisha akabaki anaikodolea macho kana kwamba ndiyo iliyomtukana.

Simu ilikuwa ya Mabonga, dereva wa lori pale kwenye ghala la mahindi ambako Aloo alikuwa karani wa mizani. Mabonga hakuwa na hatia yoyote. Alikuwa amemwoza mpwa wake Jumamosi iliyopita, na tangu asubuhi alikuwa akizungusha picha za harusi kwa kila aliyemwona amesimama bila kazi. Za kanisani Aloo alizisifu. Za keki alizisifu. Kisha Mabonga akamwambia, "Sasa ona hii, dada. Hii ndio kali."

Hapo ndipo Aloo alipomwona bi harusi amesimama ndani ya boti nyeupe yenye mstari wa buluu. Shela linapepea, bwana harusi ameshika usukani na kuvimbisha kifua kama nahodha, na nyuma yao hakuna ziwa, hakuna mto, hakuna hata kidimbwi cha bata. Kuna ua wa miti na kamba ya kuanikia nguo.

"Hii mlipiga wapi?" aliuliza.

"Kwa mzee mmoja hapo Elgon View. Anakodisha boti yake kwa picha. Hata hao wanafunzi wa chuo kikuu kule Kesses wakimaliza masomo wanakuja hapo wamevaa majoho. Kwani unaijua?"

Simu ikaruka. Aloo aliijua sana boti ile. Ilikuwa boti yake mwenyewe.

Ilikuwa yake, na ya fundi cherehani, na ya mwalimu, na ya muuza samaki wa kukaanga, na ya kila mtu wa kisiwa cha Nyasoti aliyepanda kuja Eldoret kutafuta riziki. Nyasoti ni kisiwa kidogo ndani ya ziwa, na zahanati yake ina dawa ya kichwa na ya minyoo. Anayeumwa kweli huvuka maji hadi hospitali iliyo ng'ambo, kwa mashua ya mbao yenye injini moja inayokohoa kuliko wagonjwa inaowabeba. Mdogo wake Aloo, Brigid, aliyekuwa akifundisha chekechea kisiwani, alivuka nayo akiwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Walipofika ng'ambo, mtoto alikuwa ameshakufa tumboni.

Baada ya msiba ule Aloo alisimama katika mkutano wa chama cha watu wa Nyasoti waishio Eldoret, yeye ambaye kwa kawaida hukaa nyuma karibu na sufuria za chai, akasema, "Kila mwaka tunachanga kusafirisha maiti. Kwani ni dhambi kuchanga mara moja kusafirisha walio hai?" Watu wakachanga. Walichanga wakalalamika, wakachanga tena.

Siku ya kuchagua boti alikuja msichana wa mauzo kutoka Nairobi, anaitwa Wanja, akakodi ukumbi wa hoteli na kuwaonyesha picha ukutani. Kwanza alianza na zile kubwa za kifahari, zenye vyumba vya kulala, bafu, friji ya mvinyo na mahali pa kulala kuota jua. Watu waliotoka kisiwani na nguo mbili tu waliziangalia wakacheka. Mwenyekiti wao, Lennox Ondiek, hakucheka. Alisogeza kiti mbele. Wanja akaeleza kwamba mtu anaweza kumiliki boti peke yake, au wakagawana hisa watu kumi na kila mmoja akawa na wiki zake, au akainunua na kuiacha mikononi mwa kampuni imkodishie watalii, au akalipa ada ya klabu tu na asimiliki hata kamba. Alikuwa anajua kuongea, yule msichana. Aloo alinyoosha mkono akauliza kama iko ya kubeba mama mjamzito. Wanja akasema ipo, akawaonyesha ndogo, mpya, ya injini mbili, yenye kijichumba mbele na kitanda ndani yake, ambayo ingevuka kutoka Nyasoti kabla chai haijapoa. Wakaichukua hiyo.

Kosa walilifanya mwishoni, tena mchana kweupe. Wanja aliuliza boti iandikwe jina la nani. Cheti cha chama kilikuwa kimeisha muda na hakuna aliyekumbuka kukihuisha. Lennox akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Andika mimi. Tutarekebisha baadaye." Ukumbi mzima ukampigia makofi, na Aloo alikuwa miongoni mwa waliopiga.

Ilipowasili mwezi wa nane ikiwa juu ya trela, Lennox aliizungusha mjini kabla ya kuipeleka popote. Akina mama wa chama walipanda ndani wamevaa majaketi ya kuogelea ya rangi ya chungwa, wakapitishwa Uganda Road wakiimba, na mchuuzi mmoja wa mahindi ya kuchemsha akawauliza kwa sauti, "Nyinyi watu, mafuriko inakuja na hamtuambii?" Jioni boti ikawekwa uani kwa Lennox, kwa siku mbili tatu tu, mpaka safari ya kwenda ziwani ipangwe. Mwezi wa tisa safari haikupangwa. Krismasi ikaja ikapita. Aloo kila alipopiga simu aliambiwa kuna jambo dogo la nyumbani linanyooshwa. Na sasa Brigid alikuwa na mimba tena, tumbo limeshashuka, na boti yake inabeba maharusi wa watu kwenye nyasi.

Aloo hakungoja siku iishe. Alipanda bodaboda akaenda Elgon View na vumbi la mahindi kwenye nywele.

Lennox Ondiek alikuwa mtu wa hardware na nyumba za kupangisha, mnene kiasi, mpole wa maneno, hodari wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Aloo alimkuta ndani ya boti, amekaa kwenye kiti cha nyuma na kikombe cha chai na redio.

"Karibu, Aloo. Panda. Vua tu viatu, viti ni vyeupe."

"Sipandi, Chairman. Nauliza, hii boti iko hapa inafanya nini?"

"Inangoja."

"Inangoja nini? Maji yaje Eldoret?"

Lennox aliweka kikombe chini taratibu. "Wewe ni mtu wa kisiwani, usijifanye umezaliwa mjini. Unajua kwetu boti mpya inaingia nyumbani kama bibi harusi. Inapewa jina, inapelekwa kwa boma ya mwenyewe, wamama wanapiga vigelegele. Sasa hii mwenyewe ni nani? Ni mimi, kwa karatasi. Na mimi ni wa pili kwetu. Kaka yangu Elphas hajawahi kushusha boti. Mdogo hatangulii mkubwa, si kwa nyumba, si kwa bibi, si kwa boti. Unataka niruke kaka yangu, halafu mikosi ianguke kwa watoto wangu?"

"Boti si yako."

"Karatasi inasema ni yangu. Na mlipiga makofi."

Aloo alihisi masikio yanamwaka moto. "Na hao maharusi? Hao mila imewaruhusu kutangulia?"

"Ile ni ya matengenezo. Boti ikikaa bure inaharibika. Si yule msichana wa Nairobi alituambia kuna njia nyingi za kumiliki boti? Hii ni moja."

"Brigid anakaribia kuzaa, Chairman."

"Kwani ile ya mbao imezama? Mama zetu wote walivuka nayo."

"Wengine hawakuvuka."

Lennox alikiinua tena kikombe chake. Alitabasamu. "Hasira hasara, dada yangu. Mimi sina shida. Nenda kwa Elphas. Akitamka tu kwamba ameniachia njia, siku hiyo hiyo boti inatoka hapa. Umeskia kwa mdomo wangu."

Aloo alilishika lile neno kama mtu anayeshika kamba kisimani. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda Burnt Forest.

Elphas Ondiek alikuwa mnunuzi wa viazi. Ghala lake lilitazamana na barabara ya Nakuru, naye alikaa mlangoni juu ya gunia, kofia ya sufi imevutwa hadi masikioni, akichagua viazi vya mbegu na kuvitupa huku na huku bila kuangalia. Alimpa Aloo gunia la kukalia, akamsikiliza mpaka mwisho. Kwa dakika chache Aloo aliamini mambo yamekwisha.

"Nyara," Elphas alisema, akimwita binti yangu kwa lugha yao, "hiyo boti naijua. Ilitoka Nairobi, si ndiyo? Ikapita barabara hii hii. Ndugu yangu alikuwa kwa gari la mbele. Aliniona nimekaa hapa. Alipiga honi." Alitupa kiazi kwenye rundo. "Hakusimama."

"Mzee, alikosea. Lakini sasa anataka ruhusa yako."

"Anataka? Mbona simuoni?"

"Amenituma mimi."

"Ruhusa ya ukubwa haitumiwi mtu. Aje mwenyewe, akae hapo ulipokaa, aombe. Mimi si choo cha stendi, mtu anapita tu akitaka."

Aloo alimwambia habari za mtoto wa kwanza aliyefia tumboni. Alimwambia jinsi Brigid alivyokuwa akilala ameketi kwa sababu ya uzito, na jinsi alivyoogopa yale maji. Elphas alitikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kweli, na hilo ndilo lililomkera Aloo zaidi.

"Nitamuombea dada yako," alisema. "Kila asubuhi nitamtaja. Lakini kwa huyo kijana siendi mimi, na siongei kwa simu. Aje."

"Mzee, nyinyi wawili mnavutana kamba. Na kamba yenyewe iko kwa shingo ya dada yangu."

"Usinipandishie sauti, nyara."

Alipokuwa anaondoka, Elphas alimfungia mfuko wa viazi vyema, vyekundu vitupu, ampelekee mjamzito. Aloo aliubeba hadi stendi akauacha pale pale chini, aokote anayetaka.

Alirudi kwa Lennox. Lennox akasema, "Mimi nimwendee? Yeye ndiye alikataa kuja kwa sherehe ya boti." Aloo akampigia simu katibu wa chama, naye akamwambia wataongea mkutano ujao. Akampigia mwalimu, mwalimu akamwambia mambo ya mila mwanamke huwa hayaingilii. Muuza samaki alikubali kwamba ni vibaya, ni vibaya sana, akashusha sauti, akaongeza kwamba duka lake ni la Lennox. Hao ndio wenye boti. Kila mmoja ana hisa, na hakuna hata mmoja mwenye mdomo. Aloo alimwambia Brigid avuke mapema, akakae kwa mtu ng'ambo, na Brigid akamjibu kwamba bado ana muda, watoto wa chekechea hawana mwalimu mwingine, halafu akacheka akasema, "Si boti inakuja?"

Muda haukuwepo. Uchungu ulimshika Brigid alfajiri. Shemeji yake Aloo, mume wa Brigid, alipiga simu kabla ya saa nne, na Aloo aliipokea akiwa kando ya mizani, gunia liko juu.

Shemeji alisema mambo machache, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Waliondoka na ile ya mbao. Katikati ya maji injini ilizima, wakapiga makasia, upepo ukawa wa kuwarudisha nyuma. Brigid alianza kutokwa damu wakiwa bado hawaoni ng'ambo. Alikuwa anauliza tumefika wapi, tumefika wapi. Kisha nyumba za ng'ambo zikaonekana, na alikuwa ameacha kuuliza. Mtoto alikwenda naye.

Machozi yalikataa kuja. Aloo alisimama pale, watu wakamzunguka, Mabonga akamletea kiti na maji, na kitu pekee kilichokuwa ndani yake ni hasira. Si ile ya kurusha simu. Hii ilikuwa imetulia, imekaa, ina subira. Alimchukia Lennox na chai yake. Alimchukia Elphas na maombi yake ya asubuhi. Alijichukia kwa yale makofi.

Jumamosi chama kilikutana kupanga mazishi, na kwa kuwa mikutano ya matanga ilikuwa ikifanyika kwa mwenyekiti, kikakutana Elgon View. Aloo alikuja na Mabonga, aliyeomba lori la ghala ili kusaidia kubeba viti na mahema. Waliliacha barabarani wakaingia kwa miguu. Uani palijaa watu kuliko mkutano wowote wa kununua boti. Waliokuwa hawapokei simu walikuwa mstari wa mbele, wamevaa nyeusi. Na katikati ya viti ilikuwa boti, imeoshwa inang'aa, imefungwa riboni nyeusi na nyeupe kutoka mbele hadi nyuma.

Elphas naye alikuwepo. Alikuwa ametoka Burnt Forest asubuhi hiyo, mwenyewe, bila kuombwa na mtu. Ndugu wawili walikuwa wamekumbatiana mbele ya watu, wakalia, na watu wakalia pamoja nao.

Lennox alisimama kuongea. "Kifo ni kitu kibaya, lakini kimetuunganisha. Leo kaka yangu ameniachia njia. Kwa hivyo natangaza, boti yetu itaonja maji kwa mara ya kwanza ikimbeba binti yetu Brigid. Atavuka kurudi nyumbani kama malkia. Ziwa lote litajua Nyasoti ina watu."

Watu walisema amina. Mama mmoja wa kwaya alianzisha wimbo. Aloo akasimama, na wimbo ukafa wenyewe.

"Brigid havuki na hiyo boti," alisema.

"Dada, tunaelewa uchungu..." Lennox alianza.

"Huelewi. Alipokuwa na pumzi mlisema kuna mila. Leo hana pumzi, mila imeenda wapi?"

Elphas alijibu kwa upole. "Nyara, kwa kifo hata maadui wanakula sahani moja."

"Mzee, mngekula sahani moja wiki jana. Ningewapikia mimi."

Aloo hakuwa amepandisha sauti, na labda ndiyo sababu walimsikia mpaka walio nyuma.

"Dada yangu atavuka na ile ya mbao," alisema. "Ile ilijaribu. Na hii yenu inaenda leo. Saa hii. Inaenda tupu, bila maua, bila hotuba, inakaa mbele ya zahanati na ufunguo anakaa nao nesi. Hapo kisiwani kuna mke wa mwalimu mkuu, tumbo yake imeshuka. Kuna wengine siwajui. Mzee Elphas, nakuuliza mbele ya hawa watu. Umemwachia njia ama hujamwachia?"

"Nimemwachia," Elphas alisema.

"Basi. Chairman alisema kwa mdomo wake, siku utakayotamka, siku hiyo hiyo boti inatoka. Mabonga, leta lori."

Lennox aliangalia huku na huku. Alisema ni vizuri kungoja fundi aangalie matairi ya trela. Alisema kuna bima. Alisema kesho, Jumapili, baada ya ibada, ndiyo ingekuwa heshima. Jasho lilikuwa likimtoka, na Aloo alidhani ni la aibu, akaridhika kidogo. Watu, ambao hawakuwa wamefanya lolote tangu mwezi wa nane, sasa walikuwa wakifungua riboni kwa haraka kana kwamba ni wao walioichafua ile boti. Mabonga aliingiza lori kinyumenyume kwa shida, vioo vya pembeni amevikunja, akafunga trela nyuma, akaanza kuivuta polepole kuelekea langoni.

Hakufika barabarani. Lori lilipita langoni, trela ikakwama. Mabonga alishuka. Alisimama katikati ya lango, akapima nguzo hadi nguzo kwa mikono iliyonyooshwa, akarudi akapima boti vivyo hivyo, akakuna kichwa.

"Dada Aloo," aliita, "hii haitoki. Gate ni ndogo."

Lilikuwa lango zuri. Kila mtu aliyekuja asubuhi ile alikuwa amepita kati ya nguzo zile mbili zilizovikwa mawe ya kuchonga, na wengi walikuwa wamelisifu. Lilikuwa lango la gari dogo. Hata lori la Mabonga lilikuwa limepenya kwa kukwaruza, na ile boti ilikuwa pana kuliko lori, kwa upande wa kulia na wa kushoto.

Mama wa kwaya aliuliza bila ubaya, kama mtu anayefikiri kwa sauti, "Lakini kuingia iliingia aje?"

Iliingia mwezi wa nane, wakati pale palikuwa na uwazi na nyaya za seng'enge tu. Wote walikuwa wanakumbuka, wengine walikuwa wamesukuma trela kwa mikono yao. Nguzo zilijengwa baada ya Krismasi. Wote walikumbuka hilo pia, maana walikuwa wameona mafundi. Kila mtu alifanya hesabu yake mwenyewe akafika mahali pamoja. Mtu anayengoja ruhusa ya kaka yake ili atoe boti hajengi lango ambalo boti haipiti. Hata kama Elphas angekuja akiwa amepiga magoti mwezi wa kwanza, boti ingebaki pale pale. Hapakuwa na mila. Palikuwa na mtu aliyependa kunywa chai kwenye kiti cheupe.

Elphas alivua kofia yake ya sufi. "Lennox," alisema, "ulikuwa unangoja mimi?"

"Ningebomoa," Lennox alisema. "Mkipanga safari ningebomoa."

Elphas alikaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa karibu, akashika kofia kwa mikono miwili, na akawa mzee ghafla. Alikuwa amekataa kwa kiburi kutoa kitu ambacho hakikuwa kinahitajika, na alikuwa amemwombea mwanamke kila asubuhi badala yake.

Aloo alikwenda kwenye lori. Nyuma ya kiti cha dereva kulikuwa na nyundo kubwa ambayo Mabonga hutumia anapokwama njiani. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Aliiburuta hadi langoni, akaiinua, akapiga nguzo ya kushoto. Jiwe moja la kuchonga lilipasuka likaanguka. Akapiga tena. Watu walisogea nyuma, hakuna aliyemshika, na sasa ndipo machozi yalipokuja, yakamziba macho, akawa anapiga pale alipokumbuka nguzo iko.

Lennox alikimbia akasimama mbele yake, mikono juu. "Aloo, simama. Simama kwanza. Unajua hii gate imenigharimu nini?"

Aloo alishusha nyundo, akamwangalia.

"Mimi imenigharimu Brigid," alisema.

Lennox alishusha mikono, akasogea kando. Mabonga alileta mnyororo kutoka kwenye lori, akauzungusha kwenye nguzo na kuukaza, akawaomba watu wasimame mbali kwa sababu mawe yataruka. Wote walisogea isipokuwa Aloo, ambaye bado alikuwa anapiga.